Nirudishieni gitaa langu!

Juzi, harusini. Spika zikatoa gitaa la solo la dansi la zamani, lile linalolia taratibu kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Mama yangu akaacha pilau, akakaza kanga kiunoni, akainuka. Hatua ya kwanza, ya pili... mara paa! Kumbe ni wimbo mpya ulioazima kipande cha ule wa zamani: gitaa limekatwa, mdundo wa amapiano umeingia, kijana anatuhesabia magari yake. Mama akabaki kasimama katikati ya ukumbi, mkono bado uko hewani.

Jamani, kwa nini?

Kila wimbo mpya ukiumenya, ndani unamkuta mzee. Kiitikio cha zamani, saksafoni ya zamani, hata kikohozi cha zamani! Wanamuziki wa leo, chenu ni kipi? Kutaja jina la prodyuza mara arobaini? Wimbo wa dakika nane, wenye kisa kizima na sebene la kulowesha shati, unabanwa mpaka unakuwa kionjo cha sekunde nane. Halafu watoto wanakubishia kwamba huo ndio wimbo wenyewe!

Sikatai kurudia. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa "Salome" kutokana na "Maria Salome" wa Saida Karoli, tuliutambua wimbo, tukamkumbuka mwenyewe, tukacheza mpaka mwisho. Hao waliazima nguo, wakaifua, wakaipiga pasi. Ninyi wengine mnakata mkono wa koti la babu mkashone leso!

Na yule mpiga gitaa, mbona hatajwi popote? Vidole vyake ndivyo vilivyomwinua mama yangu kwenye kiti.