Kiri Kwanza, Ushahidi Utauona Baadaye

Sheria ya makubaliano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa kupatana na upande wa mashtaka akiri ili apate nafuu, ilipitishwa hapa hapa Dodoma, bungeni, mwaka 2019. Siipingi. Mahabusu aliyechoka kuambiwa "upelelezi haujakamilika" kila akishushwa kwenye karandinga ana haki ya kutafuta njia ya kumaliza kesi yake. Ninachokigombea ni kwamba wakikaa mezani kupatana, wakili wa serikali ana jalada zima la upelelezi mkononi, mshtakiwa hana hata karatasi.

Pale mnada wa Msalato hakuna mnunuzi anayetoa hela kabla hajamzunguka ng'ombe, akampapasa, akamfungua mdomo atazame meno. Kwenye kukiri, mtu anatoa miaka yake bila kutazama chochote.

Tuseme kijana wa Bahi anashtakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Yeye alinunua kwa dalali ambaye sasa simu haipatikani, na risiti hana. Asichokijua ni kwamba mchungaji wa mlalamikaji alipobanwa na polisi alieleza kuwa ng'ombe wale aliwauza mwenyewe, kwa siri, kupitia dalali. Maelezo hayo yameandikwa, yamesainiwa, yako ndani ya jalada. Wakili wa serikali haoni sababu ya kumwita shahidi wa kumvurugia kesi, kwa hiyo hamtaji. Kijana anaambiwa akikiri atapunguziwa. Anakiri.

Sheria yetu inamtaka hakimu ampe mshtakiwa nakala ya maelezo ya mtoa taarifa, kama ametajwa kuwa shahidi. Mchungaji siye mtoa taarifa. Kwenye kesi za Mahakama Kuu mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi, lakini ni wale ambao Jamhuri imepanga kuwatumia. Yule mchungaji hayumo popote.

Ukishatiwa hatiani kwa kukiri mwenyewe, rufaa yako inabaki kwenye uzito au uhalali wa adhabu. Mahakama zimeacha upenyo kidogo, kama ilivyoelezwa katika kesi ya Laurent Mpinga ya 1983: kukiri kwenye utata, kukiri kwa makosa au bila kuelewa, hati ya mashtaka isiyoonyesha kosa, au maelezo yasiyotosha kumtia mtu hatiani. Na aliyeingia makubaliano anaweza kurudi mahakama ile ile kuomba yatenguliwe akionyesha kwamba hakukiri kwa hiari au alipotoshwa.

Alipotoshwa. Hapo ndipo pa kubishania. Upande wa Jamhuri utasema hatukumdanganya, tulinyamaza tu. Mimi nasema kumficha mtu karatasi inayomsafisha huku unamshauri akiri ni kumpotosha, tena kwa kiwango cha juu.

Marekani walilivalia njuga suala hili mwaka 1963, katika kesi ya Brady, aliyeshtakiwa kwa mauaji. Mwenzake katika tukio hilo, Boblit, alikuwa amekiri kwamba yeye ndiye aliyeua, na maelezo hayo upande wa mashtaka haukuyatoa. Mahakama ya Juu ikasema kuficha ushahidi unaomfaa mshtakiwa aliyeuomba ni kuvunja haki yake, iwe kwa nia mbaya au nzuri. Sehemu hiyo ya nia naipenda sana, maana wapelelezi nao wanajua kusahau. Lakini mwaka 2002, katika kesi ya Ruiz, mahakama hiyo hiyo ilisema serikali hailazimiki kutoa, kabla mtu hajakiri, taarifa za kudhoofisha mashahidi wake. Kwa hiyo hata huko aliyekiri ana ulinzi mdogo kuliko aliyekomaa na kesi hadi mwisho.

Najua hoja ya upande wa pili: watu watakiri leo, wakisikia kifungo waruke kesho. Ni hoja ya kweli. Kujuta peke yake kusimfungulie mtu kesi upya. Lakini maelezo ya mchungaji yana tarehe na saini ya askari aliyeyaandika, na anayetaka kuhakikisha kama yalikuwepo siku kijana alipokiri atafungua jalada asome.

Napendekeza kanuni fupi: kabla ya makubaliano kusainiwa, wakili wa serikali aorodheshe kila kilichomo kwenye jalada, pamoja na mashahidi asiokusudia kuwaita, naye asaini orodha hiyo. Kikiibuka baadaye kitu cha kumfaa mshtakiwa ambacho hakikuorodheshwa, kukiri kufutwe na kesi ianze mbele ya hakimu mwingine. Sisemi aachiwe huru. Na wa kujieleza siku hiyo asiwe kijana wa Bahi.