"Ofisi Yenu Iko Wapi?" Swali Linalomsumbua Anayefanyia Biashara Nyumbani

Mama anayeoka keki nyumbani kwake Migosi, au kijana anayechapisha fulana katika chumba cha pili huko Nyamasaria, huulizwa ofisi iko wapi hata kabla ya kuulizwa bei. Wenye biashara hapa Kisumu hawakubaliani kuhusu jibu. Wengine humshauri ajenge sura ya kampuni: nembo, maneno kama "timu yetu itakupigia", wateja akutane nao mkahawani mjini. Wengine humwambia aseme wazi kwamba anafanyia nyumbani, kwani kazi nzuri itajitetea yenyewe.

Wanaotaka sura ya kampuni wana hoja nzito pale mnunuzi anapokuwa hoteli au kampuni. Mhasibu hanunui kwa mapenzi. Anataka makadirio ya bei yaliyoandikwa, ankara, na jina linalolingana na la akaunti anayolipia. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya kodi (KRA), haikubaliwi katika hesabu za kodi za mnunuzi, kwa hiyo asiyeweza kuitoa hukataliwa kabla keki yake haijaonjwa. Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hakuhitaji safari ya Nairobi, na mteja akilipia kwenye nambari ya tili ya Lipa na M-Pesa huona jina la biashara badala ya la mtu binafsi. Hayo si mapambo, na anayeyadharau kwa kuwa "sisi ni wadogo" anajifungia mlango mwenyewe.

Lakini mteja wa kawaida haamui hivyo. Anayeagiza keki ya mahafali anataka kujua nani atawajibika ikifika imeporomoka. Mji huu bado unanunua kwa kuelekezwa: mtu wa chama cha akiba amemwambia mwenzake, aliyekaa naye kanisani akasikia. Ukurasa unaong'aa usio na sura ya mtu wala mtaa unaweza hata kumtia wasiwasi, maana matapeli wanaopokea rubuni na kuzima simu nao wana nembo nzuri. Hapo ndipo ninapowapinga wanaoshauri kujikuza. Ukisema una tawi Nairobi nawe huna, mteja akigundua hilo ataanza kutilia shaka hata unga unaotumia.

Hata hivyo, kuficha nyumba na kuilinda ni mambo mawili tofauti, na mjadala huu huyachanganya mno. Mwanamke anayeishi na watoto wadogo hana deni la kumwonyesha kila mpiga simu geti lake. Kumtuma mtu wa boda, au kukabidhi mzigo stejini, ni busara, na anaweza kusema bila kona: "Nafanyia nyumbani, kwa hiyo sipokei wateja hapa, nitakuletea." Sioni aibu yoyote katika sentensi hiyo. Vivyo hivyo laini ya pili ya simu yenye saa zake za kazi. Sauti ya mtoto nyuma ya simu haimfukuzi mteja kama inavyomfukuza simu isiyorudishwa siku nzima.

Kwa chakula ninakaza zaidi. Mlaji ana haki ya kuuliza kuhusu jiko asiloliona, na cheti cha afya cha anayeshika chakula, kinachohitaji kupimwa upya kila baada ya miezi sita, kinamjibu kuliko nembo yoyote. Ningependa kukiona kwenye WhatsApp ya kila mpishi wa nyumbani, karibu na picha za keki.

Panapobaki ugumu wa kweli ni kwenye leseni. Katiba ya 2010 ilizipa serikali za kaunti kazi ya kutoa leseni za biashara, na fomu ya kibali huuliza jengo na ploti. Mpangaji ambaye mkataba wake unamkataza kufanya biashara nyumbani akijaza ukweli anahatarisha nyumba, na asipoomba kibali anaogopa askari wa kaunti. Wengi wanaoonekana kuwaficha wateja nyumba zao kwa kweli wanaificha kwa hofu hiyo. Kaunti ya Kisumu ikiweka kibali cha kazi ya nyumbani isiyoleta kelele wala msururu wa wateja, chenye ada ndogo, na ikakaa na wenye nyumba kukubaliana kuhusu kazi za aina hiyo, mama wa Migosi ataweza kuandika mtaa wake kwenye ankara bila kuhofia notisi ya kuhama.