Foleni moja, daftari moja

Februari 2025, Marekani ilipokwisha kusimamisha misaada yake, Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki za VVU zilizojitenga ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Wengi waliisikia kama habari ya pesa: mfadhili kaondoka, mgonjwa asukumwe kwenye foleni ya wote. Hofu yao si ya bure. Mji kama Busia, mpakani na Kenya, watu wanajuana, na kwenye benchi la kliniki ya VVU angalau kila aliyekaa alikuwa na siri ileile.

Ila hoja ya kumfundisha tabibu wa kawaida haijasikilizwa vya kutosha. Mgonjwa wa sasa hafiki amebebwa kwenye machela. Anameza kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegraviri, dawa ya kupunguza makali ya VVU (ARV), anaingia uzeeni, anapata presha na sukari kama jirani zake. ARV zake zimeandikwa kwenye faili linalobaki kliniki. Sukari inaandikwa kwenye daftari la shule analokuja nalo kwapani. Tabibu analifungua, haoni neno la ARV, anaandika metfomini, dawa ya sukari.

Hapo ndipo ninapokwama kila mara. Dolutegraviri hupandisha kiwango cha metfomini mwilini, kwa hiyo inashauriwa dozi isizidi miligramu 1000 kwa siku. Mtu huyohuyo akipata kifua kikuu na kuanzishiwa rifampisini, mambo yanageuka: sasa dawa ya virusi ndiyo inayoshuka, na dolutegraviri ya miligramu 50 inabidi imezwe asubuhi na jioni. Mambo haya mawili yanafundishika alasiri moja. Asiyeambiwa hawezi kuyaotea, hata awe hodari vipi.

Wanaopinga wana jibu zito kuliko la siri: muda. Tabibu mwenye foleni hadi mlangoni hana nafasi ya kuuliza kwa nini vidonge vimebaki kwenye kopo. Na semina za hotelini (posho, cheti, kisha uhamisho) hazijamsaidia. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere inafundisha wahudumu kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo ujuzi upo nchini. Ningetaka mkufunzi aende kituoni, akae chumba kimoja na tabibu siku ya kliniki, mgonjwa akiwa mbele yao. Na kabla ukuta wa kliniki ya VVU haujavunjwa, karatasi moja ibandikwe juu ya meza: metfomini, rifampisini, na namba ya simu ya wa kumuuliza.