Nionyeshe Daftari, Usinionyeshe Dashibodi

Baada ya alasiri, pale barazani petu mtaa wa Shella hapa Malindi, maneno huanzia kwenye siasa na kuishia kwenye dizeli. Karibu kila anayekaa pale ana kitu kinachonguruma. Yuko mwenye Land Cruiser ya injini ya dizeli ya 1HZ aliyoachiwa na mjomba wake, yuko mwenye Canter ya kuchukulia mawe machimboni, yuko mwenye tuktuk mbili, na mimi nina Hilux ya injini ya dizeli ya 5L (hilo ni jina la injini, si ujazo wake): haina turbo, haina kompyuta, haina haraka. Kahawa ya pili ikishamiminwa, hakosi mtu wa kusema gari lake linanusa tu mafuta, halinywi. Hapo mimi hutia mkono mfukoni nikatoa daftari, na wenzangu huanza kucheka kabla sijafungua ukurasa.

Wacheke. Mwaka wa nne huu kila lita iliyoingia kwenye tenki langu imeandikwa humo, na daftari hilo limenifanya niwe na maneno kuhusu sisi wapenda dizeli. Baadhi hayatawapendeza.

Sisi hatupimi, tunasema tu. Mwenzetu mmoja aliagiza Golf ya TDI, yaani ya dizeli, kutoka Uingereza, na tangu gari hilo literemshwe bandarini hatuna usingizi. "Hamsini, jamani! Hamsini!" Hamsini ya nini? Ni maili kwa galoni, na galoni ya Kiingereza ni lita 4.546. Piga hesabu, utapata kilomita 17.7 kwa lita moja. Si haba, tena kwa gari ni sifa kubwa. Shemeji yake, ambaye kutwa anasoma mambo ya Wamarekani, akasema hamsini ni zaidi ya kilomita 21 kwa lita. Naye hakukosea, maana galoni ya Marekani ni lita 3.785. Wakabishana mpaka adhana ya magharibi, kila mmoja na galoni yake. Mimi nikauliza swali moja tu: hiyo hamsini umeiona wapi? Akanyoosha kidole kwenye dashibodi.

Dashibodi hukadiria. Inahesabu jinsi nozeli za kupulizia mafuta kwenye injini zinavyofunguka, kisha inakutajia namba ya kukufurahisha. Kupima ni kazi ya pampu na kalamu. Jaza tenki mpaka bomba likate lenyewe, na hapo mwambie kijana wa pampu asiendelee kubonyezabonyeza, kwa sababu dizeli hufanya povu na povu si mafuta. Andika kilomita. Tembea. Rudi kwenye pampu ile ile, gari likiwa limesimama vile vile, ujaze tena, kisha ugawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Kama umefunga matairi makubwa kuliko ya kiwandani, ujue kilomita zako zinasomeka pungufu, kwa hiyo usije ukamlaani fundi bure.

Haya basi, yangu ni haya. Mombasa kwenda na kurudi, pamoja na kuzunguka Kongowea kutafuta vipuri: kilomita 258, lita 23.4, yaani 11 kwa lita. Wiki mbili za hapa hapa mjini, kutoka Shella hadi sokoni, Maweni, Barani, na kurudi kwa sababu nimesahau kitu: kilomita 212, lita 27.9, yaani 7.6. Gari lile lile, mguu ule ule. Na ukurasa mmoja nimeuzungushia wino mwekundu: siku niliyotoka Kilifi kwa mwendo wa 110 kwa sababu nilichelewa mazishi, nilipata 9.3, ilhali kwa 80 tulivu njia ile ile hunipa 11.6. Upepo haudanganyiki. Ukiongeza mwendo kidogo, wenyewe unaongeza kukurudisha nyuma zaidi ya kidogo, na anayelipa tofauti ni wewe.

Kwa hiyo nasema, na barazani nimeshaitwa msaliti kwa maneno haya: kama safari zako zinaanzia Kisumu Ndogo na kuishia Casuarina, huna haja ya dizeli. Nunua kigari cha petroli, au panda tuktuk kama watu wengine. Najua dizeli inavyosifiwa, na sifa zake ni za kweli. Lita moja ya dizeli imebeba nguvu zaidi ya lita ya petroli, takriban sehemu moja katika kumi. Injini yake hubana hewa tupu, yangu zaidi ya mara ishirini, mpaka hewa iive yenyewe na kuwasha mafuta bila cheche. Ndivyo Rudolf Diesel alivyoifikisha kazini mwaka 1897 huko Augsburg, na msingi haujabadilika. Lakini chuma kizito namna ile kinataka muda kupata moto. Ukikizima kila baada ya kilomita mbili, kinakunywa kikiwa baridi, kinatoa moshi, na zile dizeli mpya zenye chujio la masizi kwenye ekzosi huziba kabisa, kwa sababu chujio hilo hujichoma na kujisafisha gari likiwa limekimbia njia ndefu. Oili ni lita nyingi zaidi, filta ni ghali zaidi, na pampu ikiharibika usiseme. Unafuu wake unapatikana barabarani. Dizeli isiyosafiri ni mbuzi wa kamba ndefu asiyekamuliwa.

Na safari ndiyo inayoniletea habari ya redio.

Marehemu baba alikuwa na Peugeot 504 ya petroli. Taarifa ya habari ya saa saba tuliisikiliza kwa masafa ya kati, na kila akikanyaga ekseleta ikawa ta-ta-ta-ta juu ya sauti ya mtangazaji, kwa sababu cheche za plagi nazo ni redio ndogo zinazotangaza mambo yao. Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo gari langu la kwanza la dizeli lilinishangaza kwa ukimya wa redio yake. Nikadhani nimepona. Kumbe chumvi ya bahari ilikuwa inanisubiri. Huku kwetu athi ya redio, ule waya unaofungwa kwenye bodi ya gari, ikifungwa kwenye bati lenye kutu, unasikia mlio kama wa mbu, unapanda na kushuka pamoja na injini. Huyo ni alternata anapitia njia isiyo yake. Watu hununua spika mpya, wakanunua na redio mpya, na mbu bado yuko. Dawa yake ni kipande cha msasa: kwangua bati mpaka ling'ae, funga athi, paka grisi juu. Gharama yake haifiki kikombe cha kahawa.

Magari yetu mengi yametoka Japani, na Japani FM yao huanzia 76, redio nyingi za zamani zikikomea 90. Zetu zinaanza karibu na pale zao zinapokwisha. Ndiyo maana tunafungiwa ekspanda, kidude cha kushusha masafa, kwenye waya wa erieli, kisha maisha yetu yote tunakwenda na hesabu kichwani: kituo cha 98 kinapatikana 82. Mke wangu aliikariri orodha yote kuliko mimi. Na yule bibi wa Kijapani anayezungumza kila ukiwasha gari, akidai kadi ya kulipia barabara za kwao, binti yangu humwitikia "Waalaikumu salamu." Nimekataa kumtoa.

Lakini ukiamua kubadilisha redio, tafadhali usikubali fundi akate soketi ya kiwandani. Kuna soketi ya kati inayouzwa, upande mmoja unaingia kwenye gari na upande wa pili kwenye redio, hukati kitu. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, unatunza kumbukumbu. Mwekundu unapata umeme ukifungua ufunguo. Mweusi ni athi. Kama gari ni la volti 24, kama Canter ya jirani yangu, redio ya volti 12 unaiunguza siku hiyo hiyo. Yeye aliiunguza kabla hajatoka uani kwa fundi.

Mimi nilikatiwa. Fundi mmoja, simtaji, alikata soketi, akasokota nyaya kwa vidole, akazungusha utepe, na wa njano na mwekundu akaufunga pamoja "ili redio iimbe hata bila ufunguo." Ikaimba. Iliimba pia ikiwa imezimwa, maana taa ilizimika lakini ndani ilikuwa inakunywa betri usiku kucha. Kwenye petroli pengine ungeponea chupuchupu. Dizeli haikusamehe: kuizungusha injini inayobana hewa namna ile kunataka betri iliyoshiba, na kabla ya hapo hita plagi, zile za kuipasha moto injini, zimeshakunywa sehemu yao.

Basi siku ya safari ya Lamu, tunakwenda Maulidi. Saa kumi na moja alfajiri, mama mkwe ameshakaa mbele na kikapu cha mahamri, watoto nyuma wamejifunika kanga. Nafungua ufunguo, taa ya hita plagi yenye picha ya springi inawaka manjano, inazima, napiga stata. Ng'k. Ng'k. Kisha kimya. Mama mkwe akaangalia mbele kwa heshima kubwa, kama mtu asiyesikia kitu. Baada ya muda akasema, "Baba, si uliniambia hili halina shida?" Tulisukumwa na vijana waliokuwa wanatoka msikitini. Tangu siku hiyo, mtu akinionyesha redio yake ya kioo kikubwa, mimi huinama kuangalia chini ya dashibodi kwanza.

Njia yenyewe, kwa asiyeijua: unavuka daraja la Sabaki, Mambrui, Gongoni na mashamba yake ya chumvi, kisha nchi inakuwa tambarare mpaka upande wa Garsen. Unapinda Minjila, unakwenda Witu, unaishia Mokowe. Kama kilomita 220. Zamani kipande cha baada ya Garsen kilikuwa udongo, na mvua ikinyesha hujui utafika lini. Sasa ni lami, ingawa mafuriko ya mwisho wa 2023 yalitukumbusha pale Lango la Simba kwamba mto Tana hausomi ramani ya wahandisi. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 mabasi yalizoea kupita huko kwa msafara wa polisi, nasi wadogo tukajipanga nyuma yao. Ulizia hali kabla ya kuondoka, jaza tenki Malindi, na usiendeshe usiku. Katika njia hiyo redio huanza kukoroma, stesheni moja inaikanyaga nyingine, mwisho ni upepo mtupu. Ndipo utajua thamani ya flashi yenye taarabu za zamani, na thamani ya mama mkwe anayezijua beti zote. Alinisamehe karibu na Witu.

Kujaza Malindi nakusisitiza kwa sababu nyingine. Niliwahi kutia lita kumi mahali fulani kwa bei ya chini iliyonifurahisha. Kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na mafuta, hutangaza bei ya juu kabisa kwa kila mji, kwa hiyo anayeuza chini yake sana ana siri, au ana mafuta ya taa. Mwaka 2018 serikali iliongeza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchanganyaji huo, na nadhani tabia ilipungua, lakini haikufa. Pampu ya injini kama yangu hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na mafuta ya taa ni makavu. Nilipoteza pampu, nikapoteza na nozeli mbili. Kwenye daftari ukurasa huo una namba moja kubwa tu, sijaiandikia maelezo.

Safari ile ya Maulidi, nilipojaza tena Malindi, ilinipa kilomita 446 kwa lita 42.1. Kumi na nukta sita, watu sita, mizigo, na kikapu. Kwa namba hiyo nitaitetea dizeli mbele ya yeyote.

Pale Mokowe gari linabaki bara. Lamu mjini ni nchi ya punda na miguu. Tukashuka gatini, tukapanda mashua ya mbao yenye injini ya dizeli katikati, ile ya kupiga mlio mmoja mmoja kama mtu anayetwanga. Nikakaa karibu na nahodha, mzee wa makamo, kofia yake ya vito imekunjwa vizuri kabisa. Sikuweza kujizuia.

"Nahodha, hii inakwenda kilomita ngapi kwa lita?"

Akaniangalia, akaangalia maji, akaniangalia tena. "Bahari haina kilomita, mwanangu. Leo mkondo uko nami, jioni uko dhidi yangu. Mimi nahesabu lita kwa saa." Akaingiza mkono chini ya benchi, akatoa daftari la shule, jalada limelowa mafuta, limejaa safu za tarakimu za kalamu ya bluu. Akanipa nisome.

Nilisoma mpaka Lamu.