Papa kwenye buti la shemeji

Ijumaa hiyo nilinunua papa soko la samaki la Feri, kilo 3, vipande bado vinachuruzika damu. Nikavitia kwenye ndoo isiyo na kifuniko, ndoo nikaitupia kwenye buti la gari la shemeji. Gari la kuazima! Tuta la kwanza tu, ndoo chali.

Maji ya papa si ya kuchezea. Samaki huyu hutunza mwilini yurea na oksidi ya trimethilamini ili maji ya bahari yasimkaushe. Akifa, bakteria huigeuza oksidi hiyo kuwa trimethilamini, ambayo huchemka kwenye nyuzi 3 tu za Selsiasi. Kwa joto la Dar, puani inafika kabla yako.

Sikubabaika, nafundisha kemia. Trimethilamini ni moja ya kemikali ziitwazo amini, nazo ni besi, yaani kinyume cha asidi: naitrojeni yake ina jozi ya elektroni inayodaka protoni ya asidi, na ikishadaka inakuwa chumvi isiyoruka hewani. Nikachanganya siki nusu lita na maji nusu lita, nikalowesha zulia la buti, nikangoja dakika 20. Nikanusa. Kimya. Nikamwita mke wangu, nikampigia na hesabu: pKa ya amini hiyo ikishabeba protoni, yaani pH ambayo nusu yake imefungwa na nusu iko huru, ni 9.8, kwa hiyo hata pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ikiwa 5, katika molekuli kama 60,000 ni moja tu iliyo huru.

Akanusa, akasema, "Sasa linanuka kachumbari."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikachukua magadi ya maharage, vijiko vinne vya chakula kwa lita ya maji, nikamwaga. Povu likafuka, siki ikageuka asetati isiyonuka, nikafunga buti na kwenda kulala kama mshindi.

Kumbe ile chumvi ya amini ilikuwa bado imo zuliani, sikuisuuza. Na maji ya magadi hufika pH 10 bila shida. Ukivuka 9.8, amini inanyang'anywa protoni yake, na zaidi ya nusu inarudi kuwa gesi. Siki haikuwa imeondoa shombo, ilikuwa imeifunga kamba tu. Mimi nikaja na kisu.

Jumamosi alfajiri shemeji akachukua gari lake kupeleka wazee kwenye posa. Vioo juu, sababu ya vumbi. Mshenga, kanzu mpya, alivumilia hadi njia panda ndipo akauliza kwa adabu: "Mwanangu, na kitoweo nacho kimo kwenye mahari?"

Simu ikanijia. Nikamwelekeza shemeji vizuri: mwaga siki tena mpaka povu liishe, ongeza kidogo, subiri dakika 20, kisha ukamue kwa taulo kuukuu. Suuza kwa maji matupu mara tatu, kila mara ukikamua, maana chumvi ile huyeyuka upesi na kutoka na maji. Acha buti wazi juani, harufu ya siki itaruka yenyewe. Sabuni ya unga usiiguse kabla ya kusuuza, nayo ni besi vilevile.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, shemeji. Na hiki kipande kilichoingia chini ya tairi la spea, nacho nikipimie pH?"