Mikono Nayo Iokoke

Nimechoka kusikia Warumi 12:1 ikihubiriwa kana kwamba Paulo aliwaandikia mabinti wa kwaya peke yao. Mhubiri akishasoma "itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai", dakika mbili hazipiti tumeshafika kwenye urefu wa sketi, kucha za rangi na nywele za bandia. Wazee wa kanisa wanatikisa vichwa kukubali. Sisi wanaume tumekaa zetu tumetulia, maana mahubiri hayatuhusu.

Sisemi usafi wa mwili ni jambo dogo. Zinaa inavunja nyumba na inaacha watoto wasiojua baba zao, na Paulo aliikataza waziwazi. Lakini mwenye Biblia na afungue 1 Wakorintho 6, sura tunayoipenda kwa ajili ya mstari wa hekalu la Roho Mtakatifu, aisome tangu juu. Inaanza na ndugu wanaoburutana mahakamani na kudhulumiana mali. Ndipo yanakuja mambo ya makahaba, na wanaokaripiwa hapo ni wanaume waliokuwa wakienda kwao. "Nivitwae viungo vya Kristo na kuvifanya viungo vya kahaba? Hasha!" Inanisikitisha kwamba onyo walilopewa wanaume wazima tumelichukua tukawatwisha wasichana wa kipaimara.

Na hata hiyo Warumi 12, ukiendelea kuisoma baada ya mstari wa kwanza, unakutana na kumkaribisha mgeni, kulia na wanaolia, kumlisha adui mwenye njaa na kumnywesha akiwa na kiu. Sura nzima ni kazi ya mikono, miguu na ulimi. Huko nyuma, katika 6:13, Paulo alikuwa ameshasema tusivitoe viungo vyetu "kuwa silaha za dhuluma". Kwa hiyo anayeniambia ameutoa mwili wake kwa Mungu, mimi namtazama mikono kwanza. Inapokea nini chini ya meza? Nyumbani inampiga nani? Kalamu inasaini nini?

Wazee wetu wa Uamsho, ule mwamko wa toba ulioenea Afrika Mashariki, walilijua jambo hili kuliko sisi. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa idara ya afya, alikutana na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Moto uliowaka Gahini katika miaka ya 1930 ulivuka ukaingia Uganda, Burundi, Kenya na huku kwetu Kagera. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu wetu na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Leo tukiutaja tunakumbuka nyimbo na machozi. Tunasahau kilichofuata machozi. Aliyeiba alikibeba kitu akakirudisha kwa mwenyewe, na kama alikiiba kazini alikwenda kwa mwajiri kusema mimi ndiye niliyekichukua. Mwenye deni alilipa. Waliokuwa hawasalimiani walitafutana. Wamisionari na Waafrika walikaa kwenye duara moja wakaombana msamaha kwa majina, jambo ambalo katika dola ya kikoloni halikuwa dogo hata kidogo. Hapakuwa na haja ya kuuliza kama fulani kaokoka kweli. Majirani walikuwa wameshaliona jembe lao likirudi.

Kisha ikaja Kenya ya mwaka 1952, serikali ilipotangaza hali ya hatari. Madai ya ardhi ya wapiganaji wa Mau Mau yalikuwa ya haki, na sitaki mtu anisome kana kwamba napinga hilo. Lakini kiapo cha Mau Mau kilikuwa jambo la mwili, la kula na kunywa, na ndugu wengi wa Uamsho katika nchi ya Wakikuyu walikataa kukila wakisema damu ya Yesu inawatosha. Wapo waliouawa kwa sababu hiyo. Upande wa pili serikali ya mkoloni ilitaka kuwapa bunduki wajiunge na walinzi wake, na wengi wakazikataa nazo, kwa hiyo wakashukiwa huku na huku. Mdomo ulikataa kiapo, mkono ukakataa bunduki. Kwangu mimi hayo ndiyo mafafanuzi bora ya dhabihu iliyo hai niliyowahi kukutana nayo, na yaliandikwa na wakulima wa kawaida kwa maisha yao.

Lazima niseme na la pili, ingawa linauma. Kati ya Aprili na Julai 1994, wakati wa mauaji ya kimbari katika Rwanda, nchi hiyohiyo ya Gahini, watu walikimbilia makanisani Nyamata na Ntarama wakauawa humohumo ndani. Majengo hayo leo ni mahali pa kumbukumbu. Wengi walioshika panga walikuwa wamebatizwa, walizijua sala, walizijua nyimbo. Walikuwepo pia Wakristo waliowaficha jirani zao na wengine wakafa pamoja nao, na Mungu awakumbuke. Ila swali halikwepeki: ilikuwaje ubatizo ukagusa paji la uso usifike mkononi? Sina jibu jepesi, na simwamini mwenye nalo. Ninachojua ni kwamba imani inayoishia kwenye midomo na mavazi haina nguvu ya kuuzuia mkono siku viongozi wanapoupa panga.

Sisi hatujaitwa kwenye saa kama hiyo. Tumeitwa kwenye kahawa.

Huku kwetu kuna butura, yaani kununua kahawa ingali mtini. Kahawa ikiwa bado maua, mama ana mtoto kafukuzwa shule kwa ajili ya ada, au ana mgonjwa wa kupeleka hospitali, anakuja mwenye fedha. Anazunguka shambani, anatazama miti, anakadiria magunia. Kisha anataja bei, ambayo mara nyingi haifiki hata nusu ya ile itakayokuwapo wakati wa mavuno. Mama anapokea kwa mikono miwili na kushukuru, maana hana la kufanya. Mvua ikinyesha na bei ikipanda, faida yote ni ya mnunuzi, naye mama anachuma na kuanika kahawa ambayo si yake tena. Serikali imepiga marufuku biashara hii mara nyingi, nayo inaendelea usiku. Na Jumapili mnunuzi yuko kiti cha mbele, kavaa vizuri, kamshika mke mmoja, hanywi pombe. Kwa kipimo chetu cha sketi na pombe, huyu ni mwanafunzi wa Yesu wa mfano. Katika mahubiri yote niliyowahi kuyasikia juu ya kuutoa mwili, hakuna lililomfikia yeye.

Upo pia upotovu wa kinyume chake, nao umeua. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ya watoto na watu wazima, wengi wao wamekufa kwa njaa baada ya kuambiwa wafunge ili wamwone Yesu. Waliaminishwa kwamba kuutoa mwili kwa Mungu ni kuuharibu kwa amri ya mhubiri. Mchungaji anayekwambia uache dawa za presha au za virusi ili uonyeshe imani anakuelekeza njia hiyohiyo. Mwili uliompa Mungu haukuhamia mikononi mwa mchungaji. Unahitaji chakula, usingizi na dawa, kwa sababu kesho unatakiwa kwenda kumtazama mgonjwa.

Basi ombi langu ni kwa jumuiya zetu za nyumba kwa nyumba, kwa sababu kule tunajuana. Mtu akisimama kushuhudia, tumsikilize, tuimbe naye, kisha mzee mmoja amuulize kwa upole anadaiwa na nani na amemdhulumu nani. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, hakusubiri hata kuulizwa. Alisimama akasema aliyemnyang'anya kwa hila atamrudishia mara nne. Sisi hatudai mara nne. Mwaka huu, kabla kahawa haijaiva, aliyenunua maua ya mjane aende kwake mchana, watu wakiona, wakae wahesabu upya kwa bei ya siku ya mavuno, naye atoe fedha iliyopungua.