"Nzuri" ni salamu, si kipimo

Mwandishi wa makala ninayoijibu anataka afya ya akili ya jamii ipimwe kwa dodoso la nyumba kwa nyumba. Sipingi, ila swali lenyewe litaulizwaje? Muulize mtu anajisikiaje, atakujibu "nzuri" kabla hujamaliza, hata kama hajalala siku tatu.

Ndiyo maana nalipenda lile dodoso fupi la Shirika la Afya Duniani, WHO-5, la mwaka 1998. Maswali 5 tu, yote ya wiki 2 zilizopita: umekuwa mchangamfu? umetulia? una nguvu? unaamka umepumzika? siku zako zina mambo yanayokuvutia? Kila jibu lina alama 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4, unapata alama kati ya 100. Aliye chini ya 50 aangaliwe kwa karibu. Alama hizo peke yake hazisemi kwamba ni mgonjwa (hapo ndipo wengi wanateleza).

Lakini hata dodoso zuri linaharibiwa na mahali pa kuulizia. Mimi nilihojiwa sebuleni, mama mkwe pembeni anakunja nguo. Tulipofika kwenye usingizi, mikono yake ikasimama. Nikasema naamka nimepumzika kila siku. Karani akaandika 5, akashukuru, akaenda zake. Wiki ile nilikuwa nakesha naangalia dari.

Halafu walipita saa nne asubuhi. Waliokuwa kazini, nani aliwarudia jioni?